Kulenga shabaha mezani: anza na mto wa nyuma, chuma cha mbele baadaye

Mpwa wangu ni mzaliwa wa Likoni, lakini riziki imempeleka Kericho, kwenye kiwanda cha chai. Ana cheti cha bunduki, ni mwanachama wa klabu, na mara moja kwa mwezi husafiri hadi uwanja wa klabu yake kulenga shabaha. Usiku mmoja alinipigia simu.

"Shikamoo mjomba. Naiuza bunduki. Mkono wangu haufai."

"Marahaba. Kabla hujauza, niambie: mbele umeiegemeza kwenye nini?"

Akaanza kunisifia chuma chake cha miguu mitatu, chenye skrubu za kupandisha na kushusha. Alikichangia mshahara wa miezi kadhaa.

"Na nyuma?"

Akanyamaza kidogo. "Foronya, mjomba. Nimetia mchele."

Nikamwambia mkono wake hauna neno, mwenye neno ni mchele. Nayaandika haya kwa sababu si yeye peke yake. Wengi wanaoingia kwenye mchezo huu humaliza pesa zote mbele, na nyuma wakaweka chochote kilichopo.

Hesabu ya milimita moja

Katika kulenga mezani, bunduki hukaa juu ya maegemeo mawili: moja chini ya ubao wa mbele, jingine chini ya kitako. Mpigaji hukaa kitini, na kazi ya kubeba uzito huachiwa maegemeo. Mchezo huu ulipata chama chake cha taifa Marekani mwaka 1951, na leo una mashindano ya dunia. Kwa bunduki kubwa hupimwa jinsi matundu ya risasi yalivyokaribiana. Kwa bunduki ndogo ya .22 na ya upepo, kadi huwa na shabaha 25, risasi moja kwa kila shabaha, na alama kamili ni 250.

Tuseme kati ya egemeo la mbele na la nyuma kuna sentimita 75. Kitako kikizama milimita moja tu, kwenye shabaha ya mita 50 risasi itapanda karibu sentimita 7. Kwenye mita 100 itapanda sentimita 13 na zaidi. Milimita moja ni kitu gani kwa foronya ya mchele? Punje zinateleza, foronya inalala, na wewe unaulaumu mkono.

Mto wa nyuma

Mto mzuri una masikio mawili yaliyosimama, na kitako hulala katikati yake. Angalia mambo manne.

Kwanza, uzito. Mto wa kilo 4 hadi 8 haufuatani na bunduki inapopiga teke. Mto mwepesi hurudi nyuma nayo, na kila risasi unaanza upya.

Pili, ugumu. Ujaze mpaka kidole kisizame kwa urahisi. Masikio yawe magumu zaidi, yakibana kitako pande zote mbili bila kukikaba.

Tatu, umbo. Kitako cha bunduki nyingi kina mteremko kwa chini. Masikio yakipishana na mteremko huo, bunduki hukaa upande. Nenda dukani na vipimo vya kitako chako. Ukienda kwa fundi wa ngozi, mchoree kwenye karatasi.

Nne, kitambaa. Ngozi nzito ndiyo ya kawaida kwa mwili wa mto. Kwenye masikio, wengi hupenda kitambaa kinachoteleza, au hupaka poda kidogo, ili kitako kitoke na kurudi bila kukwama. Mafuta ya nazi usiyathubutu, yatakamata vumbi.

Utie nini ndani? Mchele na mahindi huliwa na wadudu na huvimba kwa unyevu. Chembe za plastiki haziozi, lakini ni nyepesi. Mchanga ndio mfalme, ila ndugu zangu wa pwani tusikilizane: mchanga wa ufukweni una chumvi. Chumvi huvuta maji hewani, mto unakuwa na unyevu siku zote, na chuma kilicho karibu kinashika kutu. Ukiutumia, uoshe kwa maji matamu mara kadhaa, uanike mpaka ukauke kabisa, kisha uuchekeche. Huko Kericho na Bomet udongo ni mwekundu wa mfinyanzi, hautoi mchanga wa kufaa. Nunua ule wa ujenzi unaoletwa kwa lori, nao uuoshe vivyo hivyo, maana vumbi hupenya kwenye mishono.

Mabingwa wa ng'ambo hutumia mchanga mzito, na mmojawapo ni wa zirkoni. Kwa ujazo uleule, chembe zake zinauzidi mchanga wa kawaida uzito kwa zaidi ya nusu. Madini hayo hayo yalichimbwa hapa kwetu Kwale na kampuni ya Base Titanium, yakasafirishwa kupitia Likoni kuanzia 2014 hadi uchimbaji ulipofungwa Desemba 2024. Mpwa wangu amekua akiyaona malori yakipita, asijue walengaji wa ng'ambo wanatia nini kwenye mito yao.

Egemeo la mbele

Hili kazi yake ni kubeba na kurekebisha. Chini ya kilo 4 litahama, kilo 5 hadi 10 zinatosha watu wengi. Miguu iwe mitatu, yenye ncha zinazokamata meza. Juu yake kuwe na mfuko wa mchanga ambao upana wake ni sawa na wa ubao wa mbele wa bunduki yako. Mfuko mpana kwa ubao mwembamba ni kama kiatu cha kuazima.

Yako maegemeo yenye mkono mmoja unaosogeza bunduki juu, chini, kulia na kushoto kwa pamoja. Ni mazuri na ni ghali. Yape nafasi baada ya kuwa na mto mzuri na meza isiyotikisika. Yale ya miguu miwili yanayofungwa kwenye bunduki yana nafasi yake katika daraja moja la mashindano ya masafa marefu, lakini juu ya meza ngumu huruka bunduki inapopiga teke.

Kabla ya kununua, soma kanuni za shindano unalolitaka. Madaraja mengi hayaruhusu egemeo la mbele na la nyuma kuunganishwa, wala kufungwa kwenye meza. Uzito wa bunduki nao una kikomo: kwa madaraja mepesi ya Marekani ni pauni 10.5, na kwa lile zito ni pauni 13.5.

Jaribio lisilo na risasi

Hakikisha bunduki ni tupu, uhakikishe tena, na ielekee shabaha uwanjani. Panga mto na egemeo viwe kwenye mstari mmoja. Weka msalaba wa darubini katikati ya shabaha. Isukume bunduki nyuma sentimita tatu, uirudishe mbele taratibu, kisha tazama. Msalaba umerudi palepale? Maegemeo yako yamekubaliana. Umeenda kando? Mto umekaa mshazari. Umeenda juu au chini? Masikio ni laini, au kitako hakijalala sawa. Rudia mara kumi. Angalia pia mtutu usiguse egemeo, na pete ya mkanda isigonge mfuko wa mbele.

Nyanda za chai zina hali yake

Kericho hunyesha karibu mwaka mzima, na mvua ya mawe yake inajulikana duniani. Ngozi iliyolowa huota kuvu, na mchanga ulioingia maji huganda vipande. Beba mto kwenye mfuko usiopitisha maji, na ukifika nyumbani uanike kivulini. Usiuweke karibu na moto, ngozi itapasuka.

Nimebakisha jambo zito kuliko mchanga wote. Mpwa wangu aliniuliza kama anaweza kujaribu mto wake mpya kwenye bonde nyuma ya nyumba za wafanyakazi, "hakuna mtu, ni chai tu." Nikamkatalia. Mche wa chai hufika kiunoni, na mchumaji aliyeinama haonekani. Risasi ndogo ya .22 huruka zaidi ya kilomita moja, na ikigonga jiwe hujichagulia njia. Tena, watu wa huko wana kumbukumbu zao: mwaka 1905 jeshi la Waingereza liliwaua kwa bunduki watu wengi wa Sotik, ambayo leo iko Bomet. Mlio wa bunduki bondeni hauwi mchezo kwa anayeusikia kutoka jikoni kwake.

Sheria nayo iko wazi. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kuwa na bunduki au risasi bila cheti ni kosa, na mwenye cheti ana wajibu wa kuihifadhi salama. Usidhani bunduki ya upepo ni kitu cha kuchezea: uliza Bodi ya Leseni za Silaha kabla ya kununua au kuagiza. Na upige kwenye uwanja ulioidhinishwa tu, wenye kingo ya udongo na msimamizi.

Bunduki haikuuzwa. Fundi wa viatu mjini Kericho alimshonea mto wa ngozi, akaujaza mchanga uliooshwa, kilo 6. Mwezi uliofuata alinitumia picha ya kadi yake. Si kadi ya bingwa, lakini matundu yamekusanyika kama familia moja. Chini yake akaandika: "Mjomba, mchele tumeupika."