Admin, admin: historia fupi ya mambo tuliyochaguliwa

Nimekuwa kimya, si mnajua tena, mwisho wa semista mtu unaishi kwa chai ya rangi na madesa. Sasa hivi ni saa saba usiku, mwenzangu wa chumbani kalala kanipa mgongo, na najua bado ana kinyongo na mimi. Haki yake. Ngoja niwasimulie, halafu niwape historia kidogo, maana hii kesi yangu ina babu zake.

Bumu lilipotoka tulichanga watu sita tukanunua ruta ya kuweka laini ndani, tugawane bando. Kwa kuwa mimi ndiye ninayesoma kompyuta, nikapewa kazi ya kuifunga. Nikachomeka, taa zikawaka, intaneti hiyooo! Nikaweka nenosiri jipya la Wi-Fi, nikaona nimemaliza. Ule ukurasa wa mipangilio ya ruta yenyewe nikauacha kama ulivyotoka kiwandani: jina admin, nenosiri admin.

Jumapili usiku jirani mmoja, ambaye sisi wenyewe tulimgawia Wi-Fi, akaingia humo, akabadilisha kila kitu, akatufungia nje. Mwenzangu alikuwa atume pendekezo lake la utafiti kabla ya saa sita. Mpaka ametoka kwenda kuomba simu ya mtu, muda umepita. Kakatwa alama. Aliniambia, "Wewe si ndiye mtaalamu?" Nikajitetea kwamba mimi mbona sikugusa kitu. Akanijibu, "Ndiyo hivyo, hukugusa."

Asubuhi yake ndipo nikakumbuka kile kitundu cha nyuma. Nikabonyeza kwa sindano, ruta ikarudi kama mpya. Na nenosiri? Admin, tena!

Hiyo ndiyo difoliti, jamani: thamani ambayo programu inaitumia pale ambapo wewe hujaiambia chochote. Tunaiona kama vile haina mwenyewe, lakini kuna mtu alikaa mahali akaichagua. Ukifuatilia historia utakuta mwanzoni mambo haya yalikuwa msaada tu.

Miaka ya 1960 pale MIT, Marekani, kulikuwa na mfumo ulioitwa CTSS, uliowawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Mfaransa mmoja, Louis Pouzin, akaandika humo programu ya RUNCOM. Kazi yake ilikuwa kusoma orodha ya amri na kuzitekeleza moja baada ya nyingine, ili mtu asichape yale yale kila siku. Wale mnaotumia Linux, zile herufi "rc" za mwisho kwenye faili la .bashrc zimetokea huko. Yaani unaiandikia kompyuta mazoea yako mara moja, nayo inayakumbuka.

Ikaja Unix, iliyoanza mwaka 1969 Bell Labs kwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Humo kila folda ilikuwa na alama mbili za kudumu, nukta moja na nukta mbili, na hawakutaka zionekane mtu akiorodhesha mafaili. Rob Pike, aliyefanya kazi hapo hapo, alieleza mwaka 2012 kwamba njia iliyotumika ilikuwa ya mkato: programu iruke jina lolote linaloanza na nukta. Basi, bila kukusudia, wakawa wamezaa faili lisiloonekana! Watengenezaji wa programu wakafurahi, wakaanza kuficha mipangilio yao humo. Njia ya mkato ya siku moja imegeuka desturi ya dunia nzima, na mipangilio ikaanza kuondoka machoni petu.

Upande wa Windows, zamani kila programu iliweza kuwa na faili lake la INI, maandishi ya kawaida ambayo hata wewe ungeyafungua ukayasoma. Mwaka 1992 Windows 3.1 ikaja na kitu kidogo kiitwacho Registry, na kufikia Windows 95 hiyo ikawa ghala kuu la mipangilio. Ni utaratibu mzuri, sikatai, lakini wangapi hapa tumewahi kuifungua? Na tukiifungua, si tunatetemeka?

Difoliti pia ina kwao. Mmewahi kupeleka kazi steshenari, mashine ikagoma ikidai karatasi ya Letter? Hiyo ni karatasi ya Marekani, milimita 216 kwa 279. Sisi tunatumia A4, 210 kwa 297. Mtu alichagua karatasi ya kwao, nasi tunahangaika nayo huku, foleni imefika mlangoni.

Hapo hasara ni dakika chache tu. Sasa njooni mwaka 2016. Viwanda vilikuwa vimeuza kamera za ulinzi na ruta nyingi sana zenye manenosiri kama ya kwangu. Kirusi kiitwacho Mirai kikawa kinazunguka intaneti na orodha ya majina na manenosiri ya kiwandani, takriban jozi 60 tu, kikijaribu kila mlango. Hakikuhitaji akili nyingi, milango ilikuwa wazi! Tarehe 21 Oktoba vifaa hivyo vilielekezwa kuishambulia kampuni ya Dyn, na Twitter na Netflix zikawa hazipatikani kwa watu wengi. Desemba 2017 ikajulikana kwamba vijana watatu waliokiunda wamekiri kosa mahakamani. Mmoja wao alikuwa amesoma Chuo Kikuu cha Rutgers. Mwanafunzi kama sisi, duh!

Baada ya hapo ndipo lile swali la mwenzangu likafika kwa watunga sheria: kama mtu hakugusa kitu, kosa ni la nani? California ilipitisha sheria mwaka 2018, ikaanza kutumika Januari 2020: kifaa kiwe na nenosiri lake peke yake, au kimlazimishe mtumiaji aweke jipya kabla ya kukitumia. Uingereza nayo ilianza kuyakataza manenosiri ya aina hiyo tarehe 29 Aprili 2024. Maana yake, mzigo wa kwanza abebe aliyetengeneza, kwa sababu anajua fika kwamba wengi wetu hatutagusa.

Mimi nakubaliana na sheria hizo, ila hazinisafishi. Mama wa dukani akiiacha ruta yake hivyo, nitamlaumu aliyeitengeneza. Mimi nilijua. Nimeyasoma haya darasani, na watu watano waliniamini. Kutochagua kwangu kulikuwa kuchagua, na aliyelipa ni mwingine.

Nenosiri la ruta nimeshabadilisha, nimeliandika kwenye karatasi, karatasi iko kwa mwenzangu. Kesho namwomba radhi upya, na safari hii simwambii kwamba sikugusa kitu. Nanyi kabla hamjalala hebu zichungulieni ruta zenu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na mwenzenu ukuta naujenga sasa hivi.

Usiku mwema.