Kesho Utacheza na Nani?

Mzazi anapomtafutia mwanawe klabu, au kijana anapotaka kuanza mwenyewe, swali la kwanza huwa lile lile: mchezo gani ni mkali zaidi? Bondia na mcheza karate wakikutana, nani ataanguka? Swali hili limelelewa na sinema tangu enzi za Bruce Lee, na naona halimsaidii anayechagua. Mtu aliyejifunza kupigana atakutana na adui mara chache mno, pengine asikutane naye kabisa. Anayekutana naye jioni baada ya jioni, miaka nenda miaka rudi, ni mwenzake wa mazoezi. Kila jadi ya mapigano imebidi itafute jibu la jambo hilo gumu: vitendo vilivyobuniwa kuumiza vitarudiwaje kila siku, na bado mwenzako arudi kesho akiwa mzima?

Kano Jigoro alikuwa na umri wa miaka 21 alipoanzisha judo mwaka 1882, kwenye nafasi ndogo ndani ya hekalu la Eishoji, Tokyo. Alikuwa amejifunza jujutsu ya kale, yenye ngumi, mateke na kuvunja viungo. Alichofanya ni kupunguza. Mapigo aliyaweka kando, yabaki katika mifuatano ya maonyesho tu. Yaliyosalia, yaani kutupa, kubana chini, kukaba na kupinda kiwiko, yanaweza kufanywa kwa nguvu zote dhidi ya mtu anayekataa kwa nguvu zote. Ukizidiwa, unapiga kofi mkekani au mwilini mwa mwenzako, naye anakuachia papo hapo. Hapo ndipo naona ukubwa wa Kano: alitambua kwamba pigo la hatari usiloweza kulifanyia mazoezi kikamilifu lina faida ndogo kuliko tendo dogo unalolirudia kwa ukweli. Na kabla hujamtupa mtu, unafundishwa kuanguka: kidevu kifuani, mkono ukipiga mkeka. Mtu mzima anayeteleza bafuni anaweza kulishukuru funzo hilo kuliko mtupo wowote.

Ila jibu hilo linadai masharti yake yatimizwe. Katika shule za Japani kwenyewe, zaidi ya wanafunzi 100 walifariki kutokana na judo kati ya mwaka 1983 na 2011. Majeraha ya kichwa ndiyo yaliyoua wengi, na wengi walikuwa wageni wa mchezo, waliotupwa kinyumenyume kabla shingo zao hazijajua kazi. Kwa hiyo klabu ya judo iliyotandika magodoro membamba juu ya saruji, au inayomwacha mtoto wa wiki ya pili atupwe na kijana wa mkanda mweusi, haifundishi judo ya Kano, hata kama picha yake imetundikwa ukutani.

Karate ilipita njia ya pili. Ilitoka Okinawa, ambako Itosu Anko aliiingiza shuleni mwanzoni mwa karne ya 20, kisha Funakoshi Gichin akaipeleka Tokyo mwaka 1922. Yenyewe haikulitupa pigo la hatari. Ililihifadhi ndani ya kata, mfuatano unaochezwa peke yako, na mnapokuwa wawili ngumi husimamishwa kabla ya kugusa ngozi. Ndiyo maana iliweza kuenea katika miji yetu bila gharama kubwa: yatosha ua wa shule, saruji tupu na mwalimu mwenye sauti. Kwa muuguzi wa zamu za usiku au mlinzi ambaye saa zake hazilingani na za mtu yeyote, mchezo unaoweza kufanywa peke yako chumbani ni neema. Magoti ya miaka 50 nayo huvumilia kata kuliko mitupo. Tatizo ni kwamba mtu anaweza kupanda mikanda miaka mingi, akilipa ada ya kila mtihani, bila kuonja hata mara moja uzito wa mtu asiyetaka kusogea. Oyama Masutatsu aliliona pengo hilo, na katika Kyokushin, tawi la karate aliloanzisha, watu hupigana mwilini kwa nguvu zote, bila ngumi za usoni.

Ngumi za ulingoni ndizo zinazonitia wasiwasi, ingawa nazipenda. Kanuni za Queensberry za mwaka 1867 zilileta glavu, raundi za dakika tatu na kuhesabu hadi 10. Glavu humlinda anayepiga. Mkono wazi ukigonga fuvu unavunjika, lakini mkono uliofunikwa unaweza kuligonga mara kwa mara, na ubongo ndio unaolipa. Daktari Harrison Martland alieleza madhara hayo, yaani ulevi wa makonde, tangu mwaka 1928. Kofia ya mazoezi hupunguza michubuko, haizuii ubongo kutikisika. Robert Wangila aliipatia Kenya dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul mwaka 1988, dhahabu pekee ya nchi hiyo hadi leo nje ya riadha, na mwaka 1994 akafariki kwa majeraha ya pambano la Las Vegas. Kwa mtoto, kuruka kamba, kupiga begi, kukwepa na kutembeza miguu ni mazoezi bora kabisa. Kupigwa kichwani kungoje, na kunaweza kungoja milele.

Mahali pengine kinachozuia mkono ni muziki. Katika kirumbizi ya Lamu, wanaume wawili huingia katikati ya duara na fimbo huku ngoma na zumari zikiongoza, na jamaa wa harusi au wa Maulidi wakitazama. Anayepoteza adabu huipoteza mbele ya wazee wake. Capoeira ya Bahia, iliyopigwa marufuku na sheria ya Brazil ya mwaka 1890 kabla Mestre Bimba hajaifungulia chuo Salvador mwaka 1932, nayo huongezwa au kupunguzwa kasi na ala ya berimbau. Hiyo ni nidhamu ya kijiji kizima, na mtu wa mji mkubwa haipati kwa kulipa ada ya mwezi.

Swali la mwenza lina sura nyingine kwa binti. Judo ni kushikana mwili kwa mwili, na familia nyingi za mwambao zitauliza, kwa haki, atashikana na nani. Klabu yenye wasichana watatu wa rika lake ina thamani kuliko bingwa mwenye jina.

Basi nenda ukatazame siku ya kawaida, usiende siku ya maonyesho. Hesabu nauli ya kwenda na kurudi, maana klabu ya mbali huachwa mvua za masika zikianza. Kisha mwangalie mwanafunzi mkubwa anapopangiwa mgeni: anapunguza nguvu bila kuambiwa? Mdogo akipiga kofi kuomba kuachiwa, anaachiwa mara moja? Mwalimu akilicheka kofi hilo, mshike mwanao mkono mwondoke.