Diorama ya Sai-Fai Kutoka Zero: Skeli, Vikorokoro na Gluu Inayoweza Kukuchoma

Oktoba 2023, kule Dallas, Marekani, kachombo ka plastiki ka kama nusu mita kaliuzwa kwa mnada dola milioni 3.135. Kwa rate ya wakati huo, hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 450. Ilikuwa modeli ya X-wing, moja ya zile zilizopigwa picha kwa muvi ya Star Wars ya 1977, na ilipatikana kwa boksi ndani ya garage ya Greg Jein, fundi wa modeli wa Hollywood, baada ya yeye kufariki 2022.

Sasa cheki hii. Vyombo vya muvi hiyo, ukivikaribia sana, zile mashine zimejaa mgongoni ni vipande vya modeli za kuunganisha za kawaida: vifaru vya Vita Kuu ya Pili, magari ya mbio, meli. Vijana wa kampuni ya ILM, iliyoanzishwa 1975 kwa godown pale Van Nuys, California, walinunua maboksi ya modeli dukani, wakazikata, wakabandika kile walichohitaji, the rest wakatupa kwa droo kungoja kazi ingine. Na hata wao hawakuwa wa kwanza. Kule Slough, Uingereza, timu ya Derek Meddings iliyotengeneza Thunderbirds ya 1965 ilibandika kikamulio cha ndimu cha plastiki kwa ukuta wa karakana ya chombo, na watoto dunia nzima wakaamini ni mashine ya maana.

Kwa hivyo kama umekuwa ukisema hii hobby ni ya wasee wa doo ndefu wanaoagiza seti kutoka Japan, tulia. Kile kinatenganisha diorama kali na takataka zimepakwa rangi ya silva ni skeli. Pesa inakuja mbali sana nyuma yake.

Kwanza tuelewane. Modeli ni chombo peke yake. Diorama ni kipande cha dunia kimepunguzwa: kuna ardhi, kuna watu, na kuna kitu kinaendelea. Neno lenyewe lilianzia Paris 1822, Louis Daguerre alipofungua ukumbi wa picha kubwa zilizobadilika kwa mwanga. Kutengeneza kutoka zero ni kwamba hakuna boksi lenye maagizo. Wewe ndiye unachora, unakata, unabandika.

Chagua skeli kabla hujakata chochote. Skeli ya 1/72 maana yake kila kitu kimegawanywa mara 72, so mtu wa mita 1.75 anabaki milimita 24. Kwa 1/48 ni 36, na kwa 1/35 ni 50. Mlango wa mita 2 ni milimita 28 kwa 1/72, na 57 kwa 1/35. Ngazi moja ya sentimita 18 ni milimita 2.5 au 5. Reli ya kushikilia, ile ya mita moja, ni 14 au 29. Andika hizo namba kwa karatasi ubandike ukutani, juu ya meza. Ukishaanza kubandika vitu utazihitaji kila dakika tano.

Uzito wa hizi namba utauona ukichukua kifuniko cha chuma cha soda ya glasi. Kina upana wa kama milimita 32. Kwa 1/35 hiyo ni mita 1.1, saizi ya mlango mdogo ambao mtu anaingilia akiwa amejikunja. Kwa 1/72 ni mita 2.3, yaani geti ambalo mtu anapita akiwa amesimama wima. Kitu ni kile kile lakini kazi ni mbili tofauti kabisa. Chupa ya soda ya nusu lita, kama sentimita 23, kwa 1/72 ni tangi la mita 16 na nusu, karibu ghorofa tano. Ganda la kalamu ya Bic, milimita 8, linakuwa bomba la mafuta la karibu sentimita 60. Na matatu ya Hiace ya mita 4.7, ukitaka kuiegesha hapo kando, ni sentimita 6.5 tu.

Jicho la mtu halijui chombo cha angani kina ukubwa gani, kwa sababu hakuna mtu amewahi kukiona. Linajua mlango. Linajua ngazi. Linajua binadamu. Weka hivyo vitatu karibu na chupa yako, kwa vipimo sawa, na chupa itageuka tangi bila ubishi. Ukisahau, chupa itabaki chupa hata upake rangi ya dunia nzima. Mimi naweza kusamehe rangi mbaya, lakini ngazi yenye hatua za kumfikia mtu kiunoni, zii.

Materiali sasa. Ile kadi SIM yako ilitoka ndani yake ina unene wa milimita 0.76 na inakatika vizuri na kisu. Kadi kumi za hizo ni kuta za keja moja ya 1/72. Mafundi wa mabango huwa na vipande vya PVC nyepesi na perspex ambavyo kwao ni uchafu, so ongea nao kwa heshima na utapewa gunia. Printa iliyokufa ina gia za kila saizi. Kibodi nzee ina spring, skrubu na vitufe. Remote, redio, wembe wa plastiki, vifuniko vya dawa ya meno, sindano za chemist (mpya tafadhali, usiokote). Hapa Nairobi wasanii walishaonyesha njia hii kitambo. Cyrus Kabiru amejulikana mbali kwa miwani anayounda kwa chuma na mabaki ya jiji, na ukiiangalia unaona kabisa sura ya kesho. Lakini kuna vitu vya kuacha pale pale kwa lundo: betri ya simu iliyovimba, kioo cha TV za zamani za mgongo, na usichome nyaya ndio upate shaba. Moshi wake ni sumu.

Hivyo vipande vidogo vya kujaza chombo, ILM waliviita magribli. Sisi tuna neno zuri zaidi, vikorokoro. Makosa ya beginner ni kuvimwaga kila mahali kama njugu kwa keki. Chombo kinahitaji sehemu tupu, bati safi, halafu vikorokoro vijazane pale kazi inafanyika: kwa injini, kwa viungio, kando ya mlango. Bomba lianze mahali na liishie mahali. Kama huwezi kuniambia kile kipande kinafanya nini, hata kwa uongo, kitoe. Na ficha asili yake: kata kifuniko nusu, kigeuze, funika zile nyuzi za kufungia. Mtu akisema tu “ah, hiyo ni remote,” umepoteza.

Ardhi ndio sehemu rahisi. Lile povu gumu jeupe linalokuja kwa boksi ya TV linachongeka kuwa mawe na vilima. Lipake gluu nyeupe ya seremala, mwagia mchanga uliochekechwa na kichujio cha chai, kisha majani makavu ya chai na jivu la makaa. Mchanga uwe laini, kwa sababu chembe ya milimita 3 kwa 1/72 ni jiwe la sentimita 20.

Hapa sasa usikimbie, maana wengi wanafanya hii kazi usiku ndani ya bedsitter, dirisha limefungwa. Supagluu na rangi nyingi za sprei zinayeyusha hilo povu jeupe. Utapuliza rangi na kilima chako kitazama mbele ya macho yako. Lifunike kwanza na gluu nyeupe au rangi ya maji, tabaka mbili, likauke. Supagluu pia inaacha ukungu mweupe kwa plastiki inayoona, so madirisha yabandike mwisho na gluu nyeupe. Vifuniko vya chupa za plastiki havishiki gluu kirahisi. Vikwaruze na msasa, toboa tundu dogo, weka kawaya kama msumari. Ukitaka kuziba nyufa, nyunyiza baking soda halafu tone la supagluu. Inakuwa mawe papo hapo.

Na kitu moja ambayo haiandikwi kwa herufi kubwa vya kutosha kwa ile tube: usipanguse supagluu iliyomwagika na pamba au nguo ya pamba. Inapokutana na pamba inachemka kwa nguvu, inaweza kutoa moshi na kukuchoma hadi kwa ngozi. Tumia plastiki au karatasi ngumu. Ikishikanisha vidole, loweka kwa maji ya vuguvugu na sabuni, bila kuvuta kwa nguvu. Sprei na thinner ni za nje, kwa balcony au kwa rooftop, mbali na jiko la gesi la mwenyewe na la jirani.

Ukishamaliza kujenga, puliza praima ya kijivu kote. Hii hatua inabamba kuliko zote, kwa sababu SIM kadi, gia na kalamu zinaacha kuwa vitu tofauti, ghafla ni chombo kimoja. Halafu rangi ya msingi. Halafu uchafu: rangi nyeusi na kahawia iliyoyeyushwa kwa maji mengi na tone la sabuni ya vyombo, ipake ikimbilie kwa mifereji, upanguse juu. Ikikauka, brashi karibu kavu yenye rangi nyepesi iguse kingo tu. Kutu inashuka chini pale maji yangepita. Cheki mabati ya mtaa wowote baada ya mvua utaona venye michirizi inaanzia kwa msumari.

Kama unataka taa, LED nyeupe moja inawaka na betri ya duara ya CR2032 bila kitu kingine. Ukitumia USB ya volti 5, weka rezista ya ohm 150. Paka ndani ya chombo rangi nyeusi kabla ya kuweka taa, la sivyo mwanga utapenya kuta na kila mtu ataona ni plastiki.

Stori je? Chagua dakika moja. Chombo kimetua, injini iko nje, fundi amelala chini yake miguu tu ndio inaonekana, na mteja anaangalia saa. Grogan ya miaka 100 ijayo, na kibanda cha chai kando. Wanuri Kahiu alishatuonyesha kwa Pumzi, filamu yake fupi ya 2009, kwamba kesho inaweza kuwa ya hapa kwetu, watu wakihesabu matone ya maji chini ya ardhi. Hakuna sheria inasema chombo lazima kianguke Amerika.

Kwa upana wa nyuma, iba mbinu ya Blade Runner ya 1982. Lile jiji la viwanda la mwanzo wa muvi lilikuwa safu za vivuli vya shaba vilivyokatwa bapa, vya nyuma vikiwa vidogo kuliko vya mbele, na moshi katikati. Kadibodi nyeusi itafanya hiyo kazi. Diorama ya sentimita 40 itaonekana kilomita nzima.

Mwisho ni picha. Shusha simu hadi macho ya kale kabinadamu ka milimita 24, usipige kutoka juu kama jitu. Rudi nyuma kidogo na uzoom, ndio mbele na nyuma vyote visomeke, kwa sababu picha yenye ukungu mbele na nyuma ndiyo inachoma kwamba kitu ni kidogo. Taa iwe moja, kali, mbali, kama jua. Zima ile ya dari.