PIKIPIKI NA KICHWA CHAKO (SEHEMU YA 2)

Mama mwenzangu, jana nilikuambia nimeanza mafunzo ya pikipiki, mkanicheka wee, eti nesi mzima na gauni lake jeupe. Chekeni tu. Kliniki ya mkoba iko mbali na kusubiri gari nimechoka.

Sasa siku ya kwanza mwalimu hakutupa hata ufunguo. Saa nzima ni helmeti tu. Vaa, funga mkanda chini ya kidevu, tikisa kichwa, ikizunguka siyo saizi yako. Kijana mmoja akanung'unika kwamba amelipia kujifunza gia, siyo kuvaa kofia. Mimi nilinyamaza, maana namjua mtu aliyelipigania somo lile, na leo nataka nawe umjue.

Mei 13, 1935, huko Dorset, Uingereza, T. E. Lawrence, yule mwanajeshi aliyepigana pamoja na Waarabu dhidi ya Waturuki, alikuwa anarudi nyumbani na pikipiki yake, Brough Superior. Mbele kukawa na vijana wawili wa baiskeli. Akawakwepa, akarushwa. Hakuwa na helmeti. Alilala bila fahamu siku 6, akafariki akiwa na miaka 46.

Kati ya madaktari walioitwa alikuwemo Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo, mzaliwa wa Australia. Kile kifo hakikumtoka. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, jeshi likawa na vijana wengi wa kupeleka ujumbe kwa pikipiki, na usiku taa zilizimwa kwa kuogopa ndege za adui. Fikiria mwenyewe, barabara giza, dereva mgeni. Cairns akaandika mwaka 1941 kwamba katika miezi 21 ya mwanzo ya vita, waendesha pikipiki na abiria wao 2,279 walikufa kwa ajali za barabarani, na jeraha la kichwa ndilo lililoongoza kwa kuua. Wenye helmeti waliopata jeraha la kichwa alikuta 7 tu. Wote walipona.

Ndiyo, 7 ni wachache, kwa sababu waliovaa walikuwa wachache. Lakini ukiwa umefanya kazi wodini, hilo neno "wote" linakusimamisha.

Novemba 1941 jeshi la Uingereza likaamuru waendesha pikipiki wake wavae. Raia je? Sheria yao ilikuja 1973! Cairns alishafariki tangu 1952. Na lile jambo la mtu kulazimika kupata mafunzo kwanza kabla ya kuingia barabarani lilianza huko mwaka 1990. Kwa hiyo usidhani wenzetu walizaliwa na akili hizi.

Sisi bodaboda ilianzia Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwa baiskeli. Pikipiki za bei nafuu zikaja baadaye, zikaja haraka kuliko walimu. Wengi wamefundishwa na rafiki uwanjani jioni, kesho yake wana abiria. Na abiria huyo ni wewe, na mwanao umempakata.

Usiku mmoja tulimpokea mama na mtoto wa miaka 4. Aliyewaleta alikuja na helmeti yao mkononi. Niliigeuza huku na huku, haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Ilikuwa imening'inizwa kwenye usukani. Mtoto alitoka siku ya tatu akiwa na bandeji na biskuti. Mama yake hatukumpata tena, jamani.

Kitu kingine nilichojifunza darasani: ndani ya helmeti kuna povu gumu, ambalo Wamarekani walianza kuliwekea hataza mwaka 1953. Ukianguka, povu ndilo linalobonyea, ubongo unapunguza mwendo taratibu kidogo badala ya kusimama ghafla. Likishabonyea halirudi. Kwa hiyo ile helmeti "ya mtumba, iligongwa mara moja tu" usiinunue, hata wakupunguzie vipi.

Yule kijana wa gia, nilimsimulia habari za yule mama wakati wa chai. Hakujibu kitu. Tuliporudi uwanjani alikuwa anavuta mkanda wake mara mbili.

Kesho nitawaambia kuhusu breki ya mbele, ambayo mpaka leo naiogopa.