Pete ya mikono miwili, moyo na taji (mfululizo wa pete, sehemu ya 3)

Akina baba mnaosoma kimyakimya nyuma ya bega la mke, nanyi karibuni. Kama watoto wameshalala vuta kiti, leo ni ndefu kidogo.

Kwa wageni: mimi ni nesi wa wodi ya wazazi, na nina ugonjwa wa kukusanya pete za tamthilia. Sio dhahabu, la hasha, mshahara wenyewe mnaujua. Ni nakala za pete zinazovaliwa na wahusika kwenye TV. Ninazo kwenye kopo la biskuti, lile la bluu ambalo kwa kawaida ukilifungua unakuta sindano na nyuzi. Mume wangu alishafungua mara mbili akitafuta uzi, akakuta pete.

Leo nataka kusimulia pete moja tu, kwa sababu nilikutana nayo kazini, mkononi mwa mgonjwa.

Alikuja usiku, mimba ya wiki 36, uzao wa kwanza. Kichwa kinamuuma tangu asubuhi, macho yanaona vimulimuli, uso umevimba, vidole kama ndizi mbivu. Presha 170 kwa 110, mkojo una protini. Hiyo ni kifafa cha mimba kinabisha hodi. Tukaanza dawa. Halafu nikaona kidole cha mkono wa kushoto kimeanza kuwa cha zambarau, na pete imezama ndani ya nyama. Nikamwambia, dada yangu, hii inakatwa sasa hivi. Akaufumba mkono. Anatetemeka, presha juu, na bado amefumba mkono. "Nesi, usiikate. Ndiyo aliyoniachia."

Mumewe ni baharia. Yuko melini, miezi saba sasa.

Nikaushika mkono taratibu, nikautazama. Mikono miwili imeshika moyo, juu ya moyo kuna taji. Moyo wangu ukapiga paa! Ninayo hiyo hiyo kwenye kopo.

Sasa tuache wodi kidogo, tutarudi.

Waliokuwa wanaangalia tamthilia za Marekani miaka ile watamkumbuka Buffy, binti wa shule anayewinda wanyonya damu. Ilianza kuoneshwa Marekani mwaka 1997, ikaisha 2003. Kwenye kipande kilichorushwa Januari 1998, siku ya kuzaliwa kwake, Angel, yule mpenzi wake ambaye ni mnyonya damu mwenye roho, anampa pete ya fedha. Anamweleza maana yake: mikono ni urafiki, taji ni uaminifu, moyo ni mapenzi. Na anamwelekeza aivae ncha ya moyo ikimwelekea yeye mwenyewe, ijulikane kwamba ana mtu. Wasichana waliliaje! Tangu hapo nakala za pete ile zikawa zinatafutwa na mashabiki, na hadi leo zinauzwa.

Ila tofauti na pete nyingi za tamthilia, hii haikubuniwa na watu wa TV. Inaitwa Claddagh, na Claddagh ni mahali. Ni kijiji cha wavuvi huko Ireland, nje kidogo ya kuta za mji wa Galway, pale mto Corrib unapomwaga maji baharini. Jina lenyewe kwa Kiairishi ni ufuko wa mawe. Watu wake walikuwa na nyumba za makuti yao, mila zao, na hata "mfalme" wao, ambaye naye alikuwa mvuvi kama wao. Nyumba zile za zamani zilibomolewa miaka ya 1930, zikajengwa mpya. Mtu wa pwani akisoma habari za kijiji kile haoni ugeni mkubwa, isipokuwa baridi.

Alama yenyewe ina mizizi mirefu kuliko kijiji. Warumi wa kale walikuwa na pete za ndoa zenye mikono miwili ya kulia iliyoshikana, ishara ya agano. Ulaya ya zama za kati ikaendelea nazo. Waitaliano wakaziita pete za imani, maana mikono imeshikana kwa kuaminiana. Galway ilikuwa bandari, ikifanya biashara ya mvinyo na Hispania, kwa hiyo haishangazi mikono hiyo kufika huko. Cha Galway ni kule kuipa mikono moyo wa kushika na kuuvika moyo taji.

Nani alianza? Hapa kuna simulizi mbili. Ya kwanza wasimulie watoto kabla ya kulala: Margaret Joyce, mjane tajiri aliyejenga madaraja kwa mali yake mwenyewe, alikuwa amekaa siku moja, tai akapita juu akamdondoshea pete mapajani. Basi. Zawadi ya sadaka yake.

Ya pili ni ya ukoo huohuo, na hii sio ya kulaza watoto. Richard Joyce, kijana wa Galway, alipanda meli kwenda visiwa vya Karibi karibu na mwaka 1675. Maharamia wa Algeria wakaiteka meli, yeye akauzwa utumwani kwa sonara mmoja. Huko akajifunza ufundi wa dhahabu. Mwaka 1689, mfalme William wa Tatu wa Uingereza alipodai raia wake waachiwe, Joyce akawa huru. Inasemwa bwana wake alimpa ofa: baki hapa, uchukue binti yangu na nusu ya mali. Akakataa, akarudi Galway, akafungua kazi ya usonara. Wanaopenda mapenzi wanaongeza kwamba kuna msichana alikuwa anamsubiri, na pete aliitengeneza akiwa mtumwa.

Mimi hiyo nyongeza naichukua kama sukari ya chai. Lakini utekaji ulikuwa wa kweli kabisa. Mwaka 1631 maharamia waliingia usiku kwenye kijiji cha Baltimore, kusini mwa Ireland, wakachukua zaidi ya watu 100 kuwapeleka Algiers, wengi wao akina mama na watoto. Waliowahi kurudi walikuwa wachache mno. Sisi tuliokulia pwani hii, ambako watu walipakiwa majahazini kwenda kuuzwa, hatuhitaji kuelezwa sana mama aliyebaki ufukweni anaangalia nini.

Na Joyce fundi alikuwepo kweli. Miongoni mwa pete kongwe za aina hii zilizobaki, za karibu mwaka 1700, zipo zenye alama ya fundi ya herufi zake.

Hapa ndipo mkusanyaji ndani yangu anacheka. Kwenye tamthilia, Angel ni mtu wa Galway, aligeuzwa mnyonya damu mwaka 1753. Waandishi walijitahidi, maana pete zilikuwepo Galway wakati huo. Lakini jina "pete ya Claddagh" halikutumika kabla ya miaka ya 1830. Kijana wa 1753 angeijua pete, asingeijua kwa jina hilo. Labda alilisikia baadaye, si ameishi miaka zaidi ya 200!

Karne ya 19 ndiyo iliyoitawanya. Ilikuwa pete ya kurithishana, mama akimpa binti yake anapoolewa. Halafu ikaja njaa kuu ya viazi, kuanzia 1845. Watu kama milioni moja walikufa, na wengine kama milioni moja au zaidi wakapanda meli, wengi kwenda Marekani. Pete zikaenda nao. Kwa hiyo mtoto wa Kimarekani mwenye nyanya Mwairishi alipoiona kwenye TV mwaka 1998, aliitambua kabla Angel hajafungua mdomo.

Turudi wodini.

Fedha laini inakatwa haraka kwa kile kimsumeno chetu. Chuma kisichoshika kutu kinakula muda, na nakala nyingi za bei nafuu ni chuma hicho. Ya dada huyu ilikuwa ya chuma. Nikaomba dakika tano kwa daktari. Nikainua mkono wake juu, nikaukanda kwa maji ya baridi, nikapaka jeli. Nikachukua uzi wa kushonea, nikapenyeza ncha moja chini ya pete kuelekea kiganjani, uzi mrefu nikauzungusha kidoleni, mzunguko juu ya mzunguko bila kuacha nafasi, kuanzia kwenye pete hadi kupita kifundo. Uvimbe ukabanwa. Kisha nikaivuta ile ncha ya ndani, uzi ukawa unafunguka na pete inapanda nao, kidogo kidogo. Alilia, maana inauma. Ikatoka nzima. Ingegoma, ningekata, na nilishamwambia hivyo usoni.

Nimewaeleza njia ili mjue ipo, lakini kidole kikishabadilika rangi au kufa ganzi usijaribu nyumbani, kimbia kituoni. Wajawazito, vueni pete mapema, mwezi wa sita si mapema mno. Na mikono na uso vikivimba ghafla, kichwa kikauma, macho yakaona nyota, au maumivu yakaja chini ya mbavu upande wa kulia, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda leo hiihii. Wanaouliza kuhusu kidole kuwa kijani: hiyo ni shaba, inaoga inatoka. Upele unaowasha chini ya pete ni jambo jingine, mara nyingi ni nikeli, na hiyo pete achana nayo.

Mtoto alizaliwa baada ya siku mbili, wa kike, kilo 2.4. Pete niliifunga kwenye bandeji, nikaiandika jina, nikamkabidhi mama yake mzazi.

Wiki iliyopita kanitumia ujumbe. Nilikuwa nimemweleza kule wodini: mkono wa kulia na moyo unaangalia nje, huna mtu, wa kulia moyo ndani, una mtu, wa kushoto moyo nje, umechumbiwa, wa kushoto moyo ndani, umeolewa. Anauliza, sasa nesi, kidole bado hakijarudi, haiingii, nimeitundika shingoni kwa uzi, shingoni moyo unaangalia wapi?

Nikamjibu, shingoni unaangalia kinywa cha mtoto anayenyonya na kuvuta kila kitu. Itoe, itundike ukutani juu ya kitanda. Akanitumia picha. Ipo kwenye msumari, karibu na kalenda aliyozungushia tarehe ya meli kurudi.

Jumapili nitaleta pete za muhuri.