Mzinga mmoja, matoleo manne: modeli ya silaha iliyovunjika

Siku nyingi hapa tunazungumzia programu, basi leo tupumzike kidogo na kodi tuingie kwenye historia. Msiwe na wasiwasi, kompyuta haitakosekana.

Watu wanaojenga modeli za plastiki wana mchezo mmoja ambao ukiutazama kwa nje unashangaza. Badala ya kutengeneza kifaru kizima kinachong'aa, wanatengeneza kifaru kilichoteketea. Minyororo imekatika, mtutu umeinama, rangi imebabuka, kutu imeanza kula. Skeli inayopendwa zaidi ni 1:35, na asili yake inachekesha. Mwaka 1961 kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa modeli ya kifaru cha Panther inayotembea kwa mota, na ukubwa wake ulipangwa ili betri na mota vienee ndani. Hesabu ikaangukia karibu na 1:35. Mpaka leo dunia nzima inafuata ukubwa wa betri zile! Sisi wa programu hatushangai, tunajua jinsi uamuzi wa siku moja unavyogeuka kiwango cha kila mtu.

Miaka ya 1970 Mmarekani mmoja, Sheperd Paine, alitengeneza maonyesho madogo ya vita ambayo picha zake ziliwekwa kwenye maboksi ya modeli za Monogram. Wengi walijifunza kwake kwamba modeli inaweza kusimulia kisa. Ukitengeneza kitu kilichovunjika, kila alama lazima iwe na sababu. Tundu la risasi lina upande lilikoingia. Rangi iliyoungua haifanani na rangi iliyokwaruzwa. Ni kazi ileile ya kutafuta hitilafu kwenye programu: unaanza na matokeo, unarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ufike kwenye chanzo.

Sasa Mombasa tuna nini cha kujengea modeli ya namna hii? Vifaru hatuna. Vifaru viliingia vitani kwa mara ya kwanza tarehe 15 Septemba 1916 kule Somme, Ufaransa, na vita ya Afrika Mashariki ya wakati ule ilipiganwa bila vifaru. Lakini pale Fort Jesus, hatua chache tu kutoka vichochoro vya Mji wa Kale, kuna mizinga miwili ya manowari mbili zilizowahi kupigana. Mmoja ni wa SMS Königsberg ya Wajerumani, mwingine ni wa HMS Pegasus ya Waingereza. Wageni wengi hupiga picha hapo, wakaingia ngomeni kuangalia mambo ya Wareno. Mimi nimeuchagua ule wa Königsberg niujenge kwa skeli ya 1:35.

Kwanza kisa chenyewe. Königsberg ilishushwa majini Kiel mwaka 1905 na kuanza kazi 1907. Ilikuwa na urefu wa mita 115 na mizinga 10 ya sentimita 10.5. Ilifika Dar es Salaam mwezi wa Juni 1914, ikiongozwa na Kapteni Max Looff, na baada ya miezi miwili vita vikaanza. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 iliikuta Pegasus imetia nanga Zanzibar ikitengenezwa mitambo yake. Mizinga ya Pegasus haikuweza kufika mbali kama ya Mjerumani. Ikapigwa bila makombora yake kumfikia adui, mabaharia zaidi ya 30 wakafa, na meli ikazama.

Haikupita muda mitambo ya Königsberg nayo ikaharibika. Ikajificha kwenye delta ya Mto Rufiji, katikati ya mikoko. Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba 1914, lakini manowari zao kubwa hazikuweza kupita kwenye maji mafupi. Ilibidi zivutwe mpaka huku meli mbili za maji mafupi, Severn na Mersey, kutoka Malta. Zilishambulia tarehe 6 Julai 1915, zikarudi tena tarehe 11, huku ndege zikielekeza mahali makombora yanapoangukia. Siku hiyo ya pili Königsberg iliumia vibaya, na wenyewe wakaizamisha topeni.

Mtu angedhani kisa kimeishia hapo. Wapi! Wajerumani waliitoa mizinga yote 10, wakaipeleka Dar es Salaam, na mafundi wakaundia baadhi yake magari ya magurudumu. Silaha ya baharini ikawa ya nchi kavu. Mei 1916 mmoja ulikuwa ukipiga huko Kondoa Irangi, mamia ya kilomita kutoka baharini. Mwingine ulifungwa kwenye meli ya Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika, meli ambayo baadaye iliitwa MV Liemba. Mzinga ule ulipotakiwa kwingine, waliung'oa na kuweka wa mbao mahali pake ili adui asijue. Angalieni, hiyo nayo ni modeli, tena ya skeli ya 1:1!

Mwisho wa mwaka 1917, Wajerumani walipovuka kuingia Msumbiji, mizinga yote 10 ilikuwa imeharibiwa au kutekwa. Inayojulikana kubaki leo ni mitatu: wa Mombasa, wa Jinja nchini Uganda, na wa Pretoria, Afrika Kusini.

Hapo ndipo swali la fundi wa modeli linapoanza. Unaposema unajenga "mzinga wa Königsberg", unajenga upi? Mimi nimeugawa kama tunavyogawa matoleo ya programu:

1. Toleo la meli, 1907 hadi 1915. Rangi ya kijivu, shaba inang'aa, mabaharia wanasugua kila Jumamosi.
2. Toleo la Rufiji, Julai 1915. Moshi, matope, chumvi, vipande vya vyuma vilivyopasuka.
3. Toleo la magurudumu, 1915 hadi 1917. Mtutu wa baharini juu ya gari la nchi kavu, vumbi jekundu, kamba.
4. Toleo la ngawira. Mzinga uliotulia, unapakwa rangi mara kwa mara, unapigwa na upepo wa chumvi wa Mombasa.

Tunachokiona kwa macho leo ni toleo la nne tu. Kwa ruhusa nilizunguka mtutu na kamera nikapiga picha kutoka kila pembe, kisha nikaziingiza kwenye Meshroom, programu ya bure inayolinganisha alama zinazofanana katika picha nyingi na kukokotoa umbo. Umbo hilo nikalisafisha kwenye Blender, nikapeleka kwa jamaa mwenye printa ya 3D. Lakini kompyuta haijui mwaka. Inasoma tabaka za rangi za miaka mingi kana kwamba ni chuma chenyewe. Umbo inakupa, tarehe lazima uichague wewe, na kwa gari la magurudumu ilibidi nitegemee picha za kale.

Nilichagua toleo la tatu, maana ndilo lililozungukia nchi zetu. Halafu nikatoa kikokotoo.

Mtutu una urefu wa mita 4.2. Ukigawa kwa 35 unapata sentimita 12. Tundu lake la milimita 105 linakuwa milimita 3. Mtu wa mita 1.70 anakuwa na sentimita 4.9 hivi. Mpaka hapo modeli inaenea kwenye sinia la chai.

Lakini mtutu ule pamoja na kitasa chake una uzito wa kama tani moja na nusu, na hapo bado gari lake. Nani aliuvuta porini? Mbung'o waliua ng'ombe na farasi, na malori hayakuwa na barabara. Walivuta watu, mamia kwa mzinga mmoja. Tuseme tuweke 200 tu kwenye kamba mbili, kila mmoja mita moja nyuma ya mwenzake. Hiyo ni mistari ya mita 100. Kwa skeli ya 1:35 ni mita 2.86. Na bado hujaweka wabeba makombora. Kombora moja ni zaidi ya kilo 17, ukiongeza ganda na baruti ni mzigo wa mtu mmoja.

Oneni basi: chuma sentimita 12, watu karibu mita tatu. Ukiheshimu skeli, mzinga unakuwa kitu kidogo mwishoni mwa mstari mrefu wa binadamu. Modeli nyingi za silaha hizi huonyesha chuma peke yake kwenye kibao kizuri. Kila ribiti iko mahali pake, na bado picha nzima ni ya uongo, kwa sababu mzinga huu bila watu usingesogea hata hatua moja.

Watu hao wa kamba walikuwa upande wa Wajerumani, wengi wao hata hesabu haikuandikwa. Upande wa Waingereza hali ilikuwa ileile. Mwaka 1915 ilipitishwa sheria ya kuwachukua watu wa huku kwetu kwa nguvu kuwa wapagazi, na mwaka 1917 msako ukawa mkubwa zaidi. Kumbukumbu rasmi za Waingereza zinataja wapagazi kama 95,000 waliokufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, ulimi wetu ukakifanya Kariakoo kule Dar es Salaam na Kariokor kule Nairobi. Tunashuka kwenye matatu hapo kila siku bila kukumbuka.

Ndiyo maana kazi yangu imegeuka. Mtutu umekwisha. Kutu yake nimeitengeneza kwa chumvi ya jikoni: unapaka rangi ya kutu, unainyunyizia maji na chumvi, ikikauka unapaka rangi ya juu, kisha unasugua. Chumvi inabanduka na rangi, kutu inajitokeza. Kwa mtu wa Mombasa hilo halihitaji maelezo, tumeona inavyokula mageti yetu! Kamba nimesokota kwa uzi. Watu ndio wanaochukua muda. Ningeweza kuchonga mmoja kwenye Blender na kunakili mara 200, kazi ya dakika moja. Lakini watu 200 wenye uso mmoja si watu, ni mapambo. Kwa hiyo nabadilisha kila mmoja: huyu anachechemea, huyu kamba imemkata bega, huyu amegeuka kumtazama aliyeanguka. Nimefika wa 31. Jamaa zangu wanaona nimechanganyikiwa.

Pwani tunazijua modeli, mafundi wetu huchonga majahazi madogo ya mapambo toka zamani. Jahazi la mapambo huwa zima na safi, na ndivyo linavyotakiwa kuwa. Silaha ya vita ni kitu kingine. Ukiijenga, ijenge na ilichofanya, na waliofanyishwa kazi nayo.

Mkienda Fort Jesus, isogeleeni mizinga ile miwili, mpime kwa hatua zenu urefu wa mtutu wa Königsberg. Kisha tokeni mwende mpaka barabara ya Jomo Kenyatta, palepale kisiwani, zilipo sanamu za ukumbusho wa askari Waafrika wa vita ile. Ni mwendo mfupi, na mnaweza kwenda mikono mitupu.

Makala ijayo tunarudi kwenye kodi. Mwenye picha ya kale ya magari ya mizinga hii kwenye albamu ya babu, tafadhali asiitupe.