Habari za Mafundi wa Motokaa wa Upande Wetu



Katika kitabu hiki cha mwaka mtasoma hesabu ya fedha na taarifa za kamati. Mimi nimepewa kazi ya kuandika habari za wale vijana ambao, lori likizimika kati ya Bungoma na Kitale, huitwa kabla ya mtu mwingine yeyote. Wahenga walisema: Ukiona vyaelea, vimeundwa. Basi yafaa tuangalie fundi naye ameundwa kwa njia gani.

Kazi ya chuma si ngeni katika nchi zetu. Kabla ya wazungu kufika, wahunzi wa Samia walifua majembe yaliyochukuliwa mbali kuuzwa, hata yakatolewa mahari. Kijana alijifunza kwa kukaa na mkubwa wake penye moto. Kwanza alivukuta mivukuto, kisha akapewa nyundo. Hakupewa cheti. Jembe lenyewe lilikuwa cheti chake.

Mwaka 1902 wamisionari wa Friends walifika Kaimosi, na katika jina la misheni yao waliitaja kazi ya mikono. Huko watu walifundishwa kusoma, na pia kupasua mbao na kujenga. Mwaka 1924 Serikali ilianzisha kituo cha kufundisha Waafrika ufundi huko Kabete, karibu na Nairobi. Lakini Kabete ilikuwa mbali, na nafasi zilikuwa chache.

Reli ilipofika Kitale mwaka 1926, mashamba ya walowezi wa Trans Nzoia yalizidi kupanuka, na pamoja nayo matrekta na malori. Baba zetu wengi walikwenda huko kutafuta mshahara. Katika magereji ya siku zile fundi alikuwa Mzungu au Mhindi. Mwafrika alipewa kitambaa cha kufutia grisi, akaambiwa alete spana. Lakini macho hayana pazia. Aliyeleta spana kila siku alijua mwishowe inafungua nini.

Kisha vikaja Vita Kuu vya Pili, 1939 hadi 1945. Waafrika wa Kenya wapatao 98,000 waliingia jeshini. Wakafika Ethiopia, Madagaska na Burma. Jeshi lilihitaji madereva na mafundi upesi, nalo halikuwa na nafasi ya kungoja miaka. Likawafundisha kwa miezi. Hapo ndipo ilipoonekana wazi kwamba kilichokuwa kimekosekana ni mwalimu, si akili. Waliporudi, wengi walikuwa na ujuzi mikononi lakini hawakuwa na mtaji. Baada ya vita Serikali ilifungua shule ya ufundi Sigalagala, karibu na Kakamega, na vijana wa upande wetu wakapata mlango ulio jirani zaidi. Mwaka 1959 ikapitishwa sheria ya mafunzo ya viwandani, iliyoweka utaratibu wa mkataba kati ya mwanagenzi na mwajiri wake.

Baada ya Uhuru wa 1963 shule za msingi ziliongezeka kuliko nafasi za mbele. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa taarifa iliyouliza mtoto afanye nini baada ya shule, na kuanzia 1968 vyuo vya ufundi vya vijijini vikaanza kujengwa. Hata hivyo wengi walijifunza chini ya mti, na kazi yao ikaitwa jua kali.

Hivyo milango imekuwa miwili tangu zamani: mlango wa chuo na mlango wa gereji. Taabu yetu ni kwamba wa kwanza hutoa karatasi, wa pili hautoi.

Nitoe mfano wa nyumbani. Mwana wa mjomba wangu aliingia gereji moja baada ya darasa la nane. Mwaka wa kwanza aliosha vyuma kwa mafuta ya taa na kuziba matairi. Wa pili alishika breki na klachi. Wa tatu alifungua injini na kuirudisha bila kubakiza hata nati moja. Kampuni moja ilipotangaza kazi, aliulizwa cheti, akarudi nyumbani. Aliyeajiriwa alikuwa kijana wa chuo, na jioni kijana huyo alikuja kwake kuuliza namna ya kurekebisha vali.

Hata hivyo tusimdharau kijana wa chuo. Marekani iliagiza kwamba magari madogo ya kuanzia 1996 yawe na tundu moja la namna moja la kuunganisha mashine ya kupimia hitilafu, na nchi nyingine zikafuata njia hiyo. Injini ya leo yaongozwa na kompyuta. Sikio peke yake halitoshi. Ndugu yangu ajua injini inavyonguruma, lakini mchoro wa nyaya za umeme humshinda. Kila mmoja ana nusu ya kazi.

Dawa ipo. Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani, iliyowekwa kwa sheria ya 2011, hutahini mafundi kwa daraja la tatu, la pili na la kwanza, na aliyejifunzia gereji aweza kutahiniwa pia. Kinachowazuia vijana wetu ni ada, nauli, na kutojua habari hii.

Kwa hiyo naomba mkutano mkuu ufikirie mambo mawili. La kwanza, chama kitenge fungu la kulipia mtihani wa vijana wachache kila mwaka, wakirudisha fedha polepole wapatapo kazi. La pili, wazee wenye magereji Chwele, Bungoma na Kitale wawaandikie wanafunzi wao barua ya kueleza walichojifunza na kwa muda gani. Barua si cheti, lakini ni mwanzo wa kumbukumbu.

Tumelipa karo za waalimu na makarani, nami ni mmoja wao. Haifai tumsahau yule anayelala chini ya gari ili sisi tufike nyumbani salama.